Sura ya Nne: Paa la Miaka Mingapi?

Mtu anayetaka kuezeka nyumba Garsen huingia dukani na swali moja: bati ni pesa ngapi? Atatajiwa bei, atapiga hesabu kichwani, kisha atatoka akiwa na matumaini au na simanzi. Hesabu hiyo haijakamilika. Bati ni sehemu tu ya paa, na bei ya siku ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Katika nchi ya Mto Tana jua huchoma karibu mwaka mzima, mvua hukawia kisha ikaja kwa kishindo, na mto wenyewe hupanda kingo ukaingia vijijini. Anayelipia paa mara moja tu maishani ana bahati. Wengi hulilipia mara mbili na mara tatu, na kila mara kwa pesa zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya karo, mbegu au dawa ya mifugo.

Swali linalofaa kuulizwa kwanza, basi, ni hili: paa hili litakaa miaka mingapi? Sura hii inalijibu kwa hesabu, kwa maarifa ya ujenzi na kwa historia ya watu wa Tana, kwa sababu jibu linawahusu wenye nyumba, linaihusu serikali, na linawahusu wote wanaopeleka misaada baada ya kila mafuriko.

Maadui wa paa

Kaunti ya Tana River inaufuata mto kutoka Madogo, ng'ambo ya Garissa, kupitia Bura, Hola na Garsen, hadi Kipini ambako maji hukutana na Bahari ya Hindi. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, na maji yake huanzia mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Ndiyo maana Garsen inaweza kufurika chini ya anga lisilo na wingu. Mvua imekwisha kunyesha bara, imejaza mabwawa, imeteremka siku kadhaa, na sasa inamfikia mkulima ambaye shamba lake halijapata hata manyunyu.

Miaka ya mafuriko makubwa inakumbukwa kama miaka ya kuzaliwa watoto: 1961, El Nino ya 1997 na 1998, kisha 2018, mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Katikati ya miaka hiyo kuna ukame unaopasua ardhi. Udongo wa delta ni mfinyanzi mzito. Ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nguzo iliyochimbiwa ndani yake huyumba kila msimu.

Juu ya hayo kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kavu na yenye vumbi. Kusi hufuata, nayo huja na masika. Ukishuka kuelekea Ozi na Kipini, upepo unabeba chumvi ya bahari, na chumvi haina huruma na chuma.

Kila adui ana mahali pake pa kupiga. Jua hulegeza misumari. Upepo hunyanyua upenu. Chumvi hula zinki, mchwa hula mbao, na mto huyeyusha ukuta unaobeba vyote hivyo. Fundi anayejenga kwa kumfikiria adui mmoja atakuta paa lake limeangushwa na mwingine.

Mapaa yaliyotangulia bati

Kabla ya mabati, watu wa Tana walikuwa na majibu yao. Nyumba ya Waorma, wafugaji wa ng'ombe, ilijengwa na wanawake. Fito zilipindwa zikachimbiwa ardhini mpaka zikafanya kuba, kisha kuba likafunikwa kwa mikeka ya miyaa, yaani majani ya mkoma, mti unaoota kwa wingi kando ya mto. Malisho yakiisha au maji yakipanda, mikeka ilikunjwa, fito zikafungwa, na nyumba nzima ikabebwa na wanyama hadi mahali pengine. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, waliezeka kwa nyasi, na mapaa yao ya zamani yalishuka hadi karibu na ardhi. Karibu na pwani, ambako minazi inastawi, makuti yalichukua nafasi ya nyasi.

Mapaa haya yalikuwa na sifa ambazo bati halinazo. Ndani yake mchana mlikuwa na ubaridi, mvua ilinyesha bila kelele, na vifaa vilipatikana bila pesa taslimu. Gharama ililipwa kwa kazi, kazi hiyo ilifanywa na majirani pamoja, na aliyesaidiwa leo alisaidia kesho.

Kwa nini basi watu wameyaacha? Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ile sasa ina bei. Vijana wako shuleni au mijini, nyasi ndefu zimepungua, na makuti ya kununua husafirishwa kutoka mbali. Sababu ya pili ni moto. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, watu zaidi ya 100 waliuawa na nyumba nyingi zikateketezwa katika vijiji vya Riketa, Kilelengwani, Kipao na vinginevyo. Aliyewahi kuona paa la nyasi likishika moto anajua kwamba hakuna muda wa kuokoa hata godoro. Sababu ya tatu ni maji. Paa la nyasi halikusanyi maji ya kunywa, la bati linakusanya, na katika nchi ambayo mtungi wa maji hufuatwa mbali au huchotwa penye mamba, jambo hilo peke yake linatosha kumshawishi mama wa nyumba.

Kuhamia kwenye mabati, basi, kulikuwa uamuzi wa watu wenye akili zao. Kosa limekuwa kununua bati bila kununua paa.

Hesabu ya shilingi 65,000

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba viwili, urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, yenye paa la migongo miwili. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, zimekadiriwa kwa shilingi kamili ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Msomaji aweke za duka lake na za siku yake.

Kila upande wa paa utahitaji mabati 12 ya mita 3, kwa kuwa bati likilaliana na jirani yake hubaki na upana wa kufunika wa kama sentimita 76. Jumla ni mabati 24. Tukisema bati moja la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) ni shilingi 1,000, hiyo ni 24,000. Kofia tano za kufunika mgongo wa paa kwa shilingi 500 kila moja ni 2,500. Misumari, 1,500. Mbao za kenchi na za kupigilia mabati zitafika kama futi 500. Kwa wastani wa shilingi 40 kwa futi, ni 20,000. Dawa ya mchwa na waya wa kufungia, 2,000. Usafiri, 3,000. Fundi na msaidizi wake, 12,000. Jumla ni shilingi 65,000.

Mwenye nyumba aliyeuliza bei ya bati aliambiwa 24,000. Hiyo ni chini ya shilingi 40 katika kila 100 atakazotoa. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Pesa za mabati zinapatikana kwa kuuza mbuzi watatu au kwa msimu mzuri wa maembe, mabati yananunuliwa, kisha pesa zinakwisha. Mbao zinabadilishwa na miti iliyokatwa kichakani, fundi anabadilishwa na binamu mwenye nyundo, kofia inasubiri mwaka ujao, na dawa ya mchwa inasahaulika kabisa. Paa linasimama na picha inapigwa, lakini limeanza kufa siku hiyohiyo.

Sasa tugawe kwa miaka. Paa la shilingi 65,000 lililojengwa vizuri, likikaa miaka 20 na likila shilingi 15,000 za marekebisho, limegharimu 80,000, yaani 4,000 kwa mwaka. Paa la bati jembamba la geji 32 juu ya miti mibichi linaweza kusimama kwa shilingi 40,000. Likidumu miaka 5, limegharimu 8,000 kwa mwaka. Paa la makuti, tuseme shilingi 36,000 mara ya kwanza na 25,000 kila baada ya miaka minne, litakuwa limekula 136,000 katika miaka 20, yaani 6,800 kwa mwaka. Paa la bati lililojengwa ovyo ni ghali kuliko makuti, na ni ghali maradufu kuliko bati lililojengwa sawasawa. Maskini ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na shilingi 25,000 za ziada siku ile ya kwanza.

Bei hizi hazipangwi Garsen. Bati ni chuma, na bei ya chuma hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi, hata pale linapopitia viwanda vyetu kama vile vya Mariakani. Ndani ya bei ya dukani kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo katika zile shilingi 24,000 takriban 3,300 ni kodi, na aliyebomolewa na mafuriko hulipa sawasawa na anayejenga hoteli. Mbao za msonobari na za sipresi hutoka nyanda za juu za Kenya au huvuka mpaka kutoka Tanzania, kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi. Serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda nchi nzima, na mwenye nyumba wa Tana, anayeishi mbali sana na misitu hiyo, aliipata bei hiyo pamoja na nauli. Kisha kuna barabara. Kutoka Malindi hadi Garsen ni takriban kilomita 110, na mafuriko yanapokata njia, kama yalivyofanya 2023 pale Lango la Simba upande wa kwenda Lamu, vifaa vinakwama wakati uleule ambapo watu wanavihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Tundu la msumari

Bati lenye mikunjo lilisajiliwa kwa hataza London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer. Miaka minane baadaye, 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kulichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Tangu hapo siri ya bati haijabadilika: mikunjo hulipa nguvu, zinki hulipa uhai. Zinki huliwa na kutu kwanza ili chuma kisiliwe. Ikiisha, chuma hubaki uchi, na hapo miezi michache ya upepo wa chumvi inatosha kulitoboa.

Kwa hiyo mnunuzi ana mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni unene. Bati hupungua unene kadiri namba ya geji inavyopanda: geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, na geji 32 ni nyembamba zaidi. La pili ni zinki, ambayo haionekani kwa macho. Mabati mawili ya geji moja yanaweza kuwa na zinki ya viwango tofauti, na ndiyo maana bati lenye alama ya ubora na jina la kiwanda lililopigwa chapa ni salama kuliko lile lisilojulikana lilikotoka. Kwa wa Kipini na Ozi, bati la mchanganyiko wa alumini na zinki lina thamani ya pesa za ziada linazogharimu.

Lakini hata bati zuri huanza kuvuja mahali pamoja: kwenye tundu la msumari. Panda ngazi uangalie paa la miaka mitano Garsen. Katikati ya bati ni safi, bado linang'aa. Kuzunguka kila kichwa cha msumari kuna duara la rangi ya kahawia, pana kama sarafu. Kile kipande cha mpira kilichokuwa chini ya kichwa cha msumari kimekauka, kimepasuka, pengine kimepotea. Tundu lililokuwa la mviringo limekuwa refu kama tundu la kifungo, na msumari umepanda juu kidogo, kiasi cha kupitisha ukucha.

Sababu ni joto. Bati linalofika nyuzi 65 saa nane mchana na kushuka hadi 25 usiku hurefuka na kufupika kila siku. Kwa bati la mita 3 badiliko hilo ni kama milimita moja na nusu. Ni kidogo, lakini hutokea kila siku ya Mungu, mwaka baada ya mwaka, na kila mara bati linausugua msumari. Mbao nazo hunyauka kwa ukavu na kuuachia. Siku upepo wa kusi unapokuja na dhoruba, unakuta misumari mia tatu iliyokwisha kulegea, unaingia chini ya upenu, na unalibeba bati lote.

Dawa yake inajulikana na mafundi wazuri huifuata. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa mkunjo, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Bati hulaliana na jirani yake kwa mkunjo mmoja na nusu. Uezekaji huanzia upande ambao upepo unaelekea na kurudi ule unakotoka, ili mdomo wa bati la juu usiukabili upepo. Kenchi hufungwa kwa waya mzito hadi kwenye nguzo za ukuta, na kwenye upenu misumari huongezwa. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, mtu hupanda na nyundo na kopo la lami, akagonga vichwa vilivyopanda na kuziba matundu. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa paa la bati, ufa wenyewe ni tundu lisilozidi upana wa kidole.

Paa huanguka kutoka chini

Mafuriko hayalifikii bati. Hufikia ukuta. Nyumba nyingi za vijiji vya kingo ni za miti iliyokandikwa udongo. Maji yakisimama siku tatu udongo humeguka, yakisimama wiki mbili nguzo huanza kuoza shingoni, pale zinapokutana na ardhi. Mchwa alikwisha kumaliza nusu ya kazi. Paa zima, likiwa na mabati yasiyo na kosa lolote, hulala chini likiwa limejikunja na kutoboka.

Ndiyo maana shilingi inayotiwa kwenye nguzo ni shilingi ya paa. Boriti za mikoko hustahimili maji na wadudu kwa miaka mingi, ila ukataji wake unadhibitiwa, na ni haki udhibitiwe, kwa kuwa mikoko ya Kipini ndiyo ngome ya delta nzima dhidi ya bahari. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Bura miaka ya 1980 na ambao sasa umevamia malisho, una mbao ngumu ambazo mchwa hazipendi. Haunyooki kirahisi, lakini nguzo fupi za msingi zinapatikana, na kila mti unaokatwa ni nafuu kwa mfugaji. Nguzo yoyote, iwe ya mti gani, hudumu zaidi kwa kupakwa oili chafu au dawa ya mbao sehemu itakayozikwa, na kwa kusimamishwa juu ya zege au jiwe pale mwenye nyumba anapomudu.

Kuna jambo la pili, nalo watu wa delta wamelifanya kwa akili yao wenyewe: kulishusha paa kabla maji hayajafika. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga lililokamilika 1981 hadi Kiambere, yakijaa na kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Tangazo likitolewa mapema na likaaminiwa, familia inaweza kuyang'oa mabati, kuyafunga pamoja na kuyapeleka kwenye ardhi ya juu, ambako yatakuwa kibanda cha muda na baadaye paa la nyumba mpya. Lakini msumari uking'olewa hupasua bati na kulikunja. Skrubu hufunguliwa na kurudi ilipotoka. Tofauti ya bei kati ya misumari na skrubu kwa nyumba yetu ya mfano ni shilingi elfu kadhaa. Tofauti siku ya mafuriko ni mabati 24 yanayoweza kutumika tena.

Mama wa Kiorma aliyekunja mikeka yake na kuhama alikuwa ameielewa nchi hii. Paa la bati la delta lijengwe kwa maarifa hayohayo: imara linaposimama, na lenye kufunguka wakati wa kuondoka.

Joto ndani, maji nje

Wanaolisifu bati bila kulala chini yake mchana hawajui wanachosema. Mtoto mchanga chini ya bati tupu saa saba mchana hulia kwa joto, na mgonjwa huona heri kivuli cha mwembe. Gharama hii haiandikwi kwenye risiti ila ipo.

Hupunguzwa kwa njia za bei ndogo. Rangi nyeupe au chokaa juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya jua. Nafasi inayoachwa wazi chini ya mgongo wa paa pande zote mbili huitoa hewa moto. Dari la mikeka ya miyaa, ileile iliyofunika nyumba za kale, hukata joto linaloshuka na kupunguza kelele za mvua, na pesa zake hubaki mikononi mwa wanawake wanaosuka papa hapa.

Na maji nayo yaingie kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa letu la mfano linafunika takriban mita mraba 50. Mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, paa hilo linapokea lita 25,000. Zikipotea lita 5,000 kwa upepo na kumwagika, zimebaki lita 20,000, sawa na madumu 1,000 ya lita 20. Zidisha madumu hayo kwa bei ya dumu kijijini kwako wakati wa kiangazi, uone paa linavyokulipa. Lakini bila gata na tangi, maji yote hayo huanguka kwenye upenu na kuchimba msingi wa nyumba ileile. Gata ni sehemu ya paa, na mwenye kupanga bajeti ailipie pamoja na kofia na mbao.

Nani abebe mzigo?

Shilingi 65,000 kwa mkupuo ni nyingi kwa mkulima wa mpunga wa Wema au mfugaji aliyetoka kupoteza ng'ombe kwa ukame. Kenya ina historia ya kulitatua jambo hili, na ilianza kwa wanawake. Katika miaka ya 1960 na 1970, huko Kenya ya Kati, wanawake walijiunga katika vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakaweka fedha pamoja, na wakamwezeka mwenzao mmoja baada ya mwingine mpaka kila mmoja akawa chini ya bati. Vyama vya akina mama vya Garsen, Tarasaa na Hola vina mfumo uleule wa kuchangiana kwa zamu. Kinachopungua ni kuuelekeza kwenye paa lote kamili: mwenye zamu apate mabati, mbao, skrubu na fundi pamoja.

Funzo jingine linatoka Siaya. Huko Rarieda, kuanzia 2011, shirika la GiveDirectly liliwapa fedha taslimu watu waliokuwa wakiishi chini ya nyasi, bila kuwapangia matumizi. Utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba waliopata fedha walibadilisha paa kuwa la mabati kwa kiwango kikubwa kuliko wasiopata. Maskini hahitaji kufundishwa faida ya paa zuri. Anahitaji pesa zitoshe kwa wakati mmoja.

Baada ya kila mafuriko Tana hupokea maturubai. Usiku wa kwanza turubai ni rehema, na wanaolileta wanastahili shukrani. Lakini jua la Garsen hulila ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha familia hurudi ilipoanza, na msimu unaofuata turubai jingine linanunuliwa, linasafirishwa na kugawiwa. Pesa hizo, zikijumlishwa kwa mafuriko kadhaa, zingeweza kuchangia paa la kudumu. Wanaogawa mabati nao hugawa mara nyingi mabati peke yake, bila mbao wala skrubu wala ujira wa fundi, na tumekwisha kuona kwamba hiyo ni chini ya nusu ya paa. Bati lisilo na mbao huuzwa; halaumiwi aliyeliuza, kwa kuwa alipewa kitu asichoweza kukitumia.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya kaunti, kwa serikali kuu na kwa mashirika ni moja. Mnapopanga msaada wa makazi Tana, pangeni paa kamili: bati la geji 28 au 30 lenye zinki ya kutosha, mbao zilizotiwa dawa, skrubu, waya wa kufunga, gata, na ujira wa fundi wa kijijini ambaye kesho atakuwa papo hapo kulirekebisha. Ondoeni kodi kwa vifaa vya anayejenga upya baada ya mafuriko. Tangazeni mwagiko wa mabwawa mapema, kwa redio na kwa lugha za mto, ili paa lipate muda wa kushuka.

Na kwako unayejenga: kama pesa hazitoshi mwaka huu, ezeka chumba kimoja vizuri kuliko vyumba viwili ovyo. Nunua mbao kabla ya bati, skrubu kabla ya rangi. Paa la shilingi 65,000 linalokaa miaka 20 ni rahisi kuliko la 40,000 linalokaa miaka 5, na fundi asiyeweza kukuambia paa lake litakaa miaka mingapi, usimpe kazi.